Mgongo, Ubavu na Tumbo: Kupiga Rangi Chambo cha Bandia kwa Brashi ya Upepo

Mtu anayetaka kujifunza kupiga rangi chambo cha bandia ningemshauri aanzie kwa samaki mwenyewe kabla hajanunua hata kopo moja la rangi. Ateremke pwani ya Wete, hapa Pemba, asubuhi vyombo vinaposhusha, amshike kibua ambaye hajalazwa kwenye barafu, na amgeuze taratibu kwenye mwanga. Ataona mgongo wa kijani kinachoelekea buluu, ubavu wa fedha wenye mistari myembamba ya dhahabu, na tumbo jeupe lisilo na alama yoyote. Kisha atafute mahali ambapo mgongo unakwisha na ubavu unaanza. Hatapaona, kwa sababu hapana mpaka: rangi moja hupungua huku nyingine ikiongezeka, mpaka jicho linajikuta limeshavuka. Sehemu hiyo isiyo na mpaka ndiyo iliyonifanya niiweke pembeni brashi ya nywele na kuhamia brashi ya upepo, yaani ile inayopuliza rangi kwa hewa iliyogandamizwa, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi hapa, kwa kuwa naamini ina uzito kuliko magamba, macho na mapambo mengine yote tunayoyahangaikia.

Sababu ya samaki kuwa na rangi hizo inajulikana. Mwanga hutoka juu, kwa hiyo kitu chenye rangi moja mwili mzima huonekana kimeng'aa mgongoni na kimeingia kivuli tumboni, na kivuli hicho ndicho kinachofichua umbo lake. Samaki mwenye mgongo wa giza na tumbo jeupe hukifuta kivuli hicho, hata akawa mgumu kuonekana akitazamwa kwa ubavuni. Mchoraji wa Kimarekani Abbott Thayer aliieleza kanuni hii mwaka 1896, na si ajabu kwamba ilielezwa kwa ufasaha na mchoraji, maana kazi yake ya kila siku ilikuwa kutumia kivuli ili kitu bapa kionekane kina unene, naye akaona viumbe wakifanya kinyume chake.

Hapa mtu makini atauliza: ikiwa rangi hiyo ni ya kumficha samaki, kwa nini tumwigize aliyejificha ilhali tunataka chambo kionekane? Jibu langu ni kwamba chambo hakikai kimya. Kinapokokotwa nyuma ya chombo kinayumba kulia na kushoto, na kila kinapolala ubavu ule ufedha na weupe wa tumbo humulika ghafla, kisha mgongo hurudi na kuufunika. Naamini mmweko huo wa kutokea na kupotea ndio unaomchokoza nguru. Chambo kilichong'arishwa pande zote hakiutoi, hata kikiyumba vipi.

Chombo chenyewe si kipya. Abner Peeler wa jimbo la Iowa, Marekani, alibuni brashi ya upepo ya mwanzo mwishoni mwa miaka ya 1870, na katika miaka ya 1890 Charles Burdick akaleta ile inayochanganya rangi na upepo ndani ya mdomo wake, ambayo ndiyo asili ya nyingi tunazozitumia leo. Kwa kazi yetu inafaa ile ya vitendo viwili: kitufe kikibonyezwa chini hutoa upepo, kikivutwa nyuma hutoa rangi, na kadiri kinavyovutwa ndivyo rangi inavyozidi. Ile ya kitendo kimoja ni nafuu na ni rahisi kuizoea, lakini kiasi cha rangi hupangwa kwa skrubu kabla ya kuanza, hivyo mkono hauwezi kukipunguza ukiwa katikati ya mstari, na bila ya kupunguza hakuna kufifisha. Sindano (ile inayofungua na kufunga njia ya rangi mdomoni) ya milimita 0.3 hutosha kwa karibu kila jambo. Ya 0.5 inafaa kwa rangi ya chini na kwa rangi za lulu, ambazo chembe zake huziba mdomo mwembamba. Ya 0.2 naiona ni anasa kwa mtu anayechora kitu kitakachotafunwa.

Kuhusu kompresa, ya fundi wa mipira inafanya kazi ingawa kelele zake majirani hawatazisahau. Kompresa iliyotolewa kwenye friji bovu ni kimya zaidi, na mafundi wa friji wanajua kuifunga. Lililo muhimu ni kwamba iwe na tangi linalostahimili presha, saa ya kupimia, vali ya usalama, na kichujio cha kunasa maji na mafuta. Presha ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 20 hadi 25 ndiyo ya kawaida. Rangi nyeupe ya chini ni nzito, nayo huenda ikahitaji psi 30; mistari myembamba inayopigwa kwa rangi iliyozimuliwa zaidi hupenda psi 10 hadi 15.

Ipo nidhamu moja ya mkono inayofaa kufanyiwa mazoezi kwenye gazeti kabla ya kugusa mbao. Upepo huanza kwanza, mkono ukiwa nje ya chambo na umeshaanza kutembea, rangi hufuata, kisha rangi hufungwa kabla ya mkono kusimama, na upepo ndio unaofungwa mwisho. Anayeanza na rangi mkono ukiwa umesimama atapata doa kila mwanzo na kila mwisho wa mstari, na doa hilo haliondoki kwa kulipitia tena.

Kuchonga na kusawazisha ni somo linalojitegemea, kwa hiyo nitalipita haraka. Mimi hutumia msufi kwa vyambo vinavyoelea juu na msonobari wa makasha kwa vinavyozama kidogo, na kwa kuwa msufi ni mti laini, waya wa chuma cha pua hupita ndani ya mwili mzima kutoka mdomoni hadi mkiani, ili samaki avutane na waya badala ya mbao. Risasi hukaa tumboni. Chambo kijaribiwe majini kabla ya rangi, kikiwa kimeshazibwa vinyweleo kwa epoksi nyepesi (gundi ya sehemu mbili inayoganda kuwa ngumu) au vanishi, kwa sababu chambo kinacholala upande mmoja hakitasimamishwa na rangi. Baada ya hapo ni msasa namba 240, kisha 400, mpaka kidole kisikute kitu. Wengi huona usumbufu hapa, lakini tabaka la brashi ya upepo ni jembamba mno kiasi cha kutoficha lolote. Mkwaruzo ambao rangi ya brashi ya nywele ingeujaza, hii huutangaza, na rangi ya fedha huutangaza zaidi.

Rangi ninayoipendelea ni akriliki ya maji. Hukauka upesi, harufu yake ni ndogo, na vyombo husafishwa kwa maji. Izimuliwe mpaka iteremke ubavuni mwa kikombe kwa mwendo wa maziwa, ikiacha utando mwepesi nyuma yake, kisha ichujwe kwa kipande cha soksi ya nailoni, maana chembe moja iliyokauka hutosha kuharibu kazi ya asubuhi nzima. Rangi yenyewe itasema ikiwa imekosewa. Ikitoka kwa kurukaruka na kuacha vitone, ni nzito au presha ni ndogo. Ikifika mbaoni ikiwa na chengachenga za unga, imekauka angani, hivyo sogeza mkono karibu au punguza presha. Ikitambaa pembeni kwa miguu miguu, ni nyepesi kupita kiasi, au mkono umekaribia mno, au tabaka la chini bado ni bichi. Na ikianza kukatikakatika baada ya kwenda vizuri kwa muda, tazama ncha ya sindano: akriliki hukauka hapo na kuganda, nayo huondolewa kwa pamba yenye unyevu kidogo wa spiriti.

Sasa mpangilio wa rangi zenyewe. Kwanza ni nyeupe mwili mzima, kwa matabaka membamba mawili au matatu kutoka umbali wa sentimita 10 hadi 15, kila moja likikaushwa kwa draya ya nywele. Weupe huu si wa tumbo peke yake. Rangi nyingi za brashi ya upepo hupitisha mwanga, na mwanga unaopenya tabaka la kijani ukagonga weupe hurudi ukiwa kijani hai. Ukigonga mbao au rangi ya giza, haurudi. Juu ya weupe huja lulu au fedha kwenye ubavu, kisha magamba, kisha mgongo, na mwisho alama ndogondogo. Kwa ufupi, kazi hutoka kwenye mwanga kwenda kwenye giza, kwa kuwa rangi ya giza huongezwa kwa urahisi lakini kuipunguza ni kuanza upya.

Mgongo ndio moyo wa kazi. Wengi hukishika chambo kwa ubavu na kupuliza sehemu ya juu ya ubavu huo, wakitarajia rangi itafifia yenyewe kuelekea chini. Njia bora ni kukigeuza chambo mgongo ukielekea kwenye mdomo wa brashi, na kupuliza moja kwa moja juu ya uti wa mgongo kutoka sentimita 5 hivi. Ukungu wa rangi utatua wote pale juu, na kadiri ubavu unavyoinama na kukwepa, ndivyo utakavyogusa kidogo zaidi, mpaka usiguse kabisa. Umbo la chambo lenyewe ndilo linalofifisha. Tabaka la kwanza liwe kijani chepesi na liwe pana kuliko yote. La pili liwe buluu iliyokoza, jembamba zaidi. La tatu ni weusi uliozimuliwa sana, mstari tu juu ya uti. Ikiwa mpaka laini unahitajika mahali pengine, kwa mfano chini ya shavu, kata karatasi ngumu na uishike sentimita moja mbali na chambo unapopuliza. Utepe wa kubandika usitumike hapo, kwa sababu huacha ukingo mkali, na ukingo mkali ndio tunaoukimbia.

Magamba hupendwa na kila mtu, na kwa kweli hayana ugumu wowote. Kinachohitajika ni kitambaa cha wavu. Matundu ya chandarua huendana vizuri na chambo cha sentimita 10 hadi 15, na kipande cha chandarua chakavu kinatosha (hayo ndiyo matumizi pekee ya chandarua katika uvuvi ninayoyaunga mkono). Kwa chambo kikubwa cha jodari, mfuko wa wavu wa kitunguu saumu una matundu yanayofaa. Kifunge chambo ndani, kivute kitambaa mpaka kisiwe na mkunjo hata mmoja, na ukibane kwa vibanio vya nguo upande wa tumbo, ambako magamba hayahitajiki na mshono hautaonekana. Puliza wima juu ya ubavu kwa presha ndogo, kwa matabaka makavu, na usikivue kitambaa mpaka rangi ikauke.

Jambo linalochanganya wengi ni kwamba nyuzi za wavu huzuia rangi, kwa hiyo mistari inayobaki ni ya rangi ya chini na vijitundu ndivyo vinavyopata rangi mpya. Anayetaka magamba ya fedha yaliyozungushiwa mistari ya giza lazima atangulize kijivu cha giza ubavuni, kisha apulize fedha juu ya wavu. Akifanya kinyume atapata magamba ya giza yenye mistari ya fedha, ambayo huwapendeza wanunuzi dukani lakini hayafanani na kibua wala dagaa. Vyovyote iwavyo, magamba yasienee mwili mzima kwa nguvu moja. Yakoze katikati ya ubavu, yapotelee chini ya rangi ya mgongo, na yafe kabla ya kufika tumboni.

Ufedha wa samaki halisi hautokani na rangi. Ngozi na magamba yake vina fuwele nyembamba za guanini zinazorudisha mwanga, na huko Paris katika karne ya 17 mafundi walizikwangua kutoka kwenye magamba ya samaki wadogo wa mtoni ili kutengenezea lulu za bandia. Rangi za lulu za siku hizi hutumia vipande vidogo vya madini ya maika vilivyovikwa oksidi ya titani, na hufanya kazi hiyo hiyo. Njia nyingine ni karatasi ya fedha. Lauri Rapala, mvuvi wa Finland, alipotengeneza chambo chake cha mwaka 1936 alichonga gome la mti wa koki, akalifunika kwa karatasi ya fedha ya chokoleti, na kwa kukosa vanishi akayeyusha negativu za picha na kupaka juu yake. Njia hiyo bado inafaa, hasa tukiiunganisha na brashi ya upepo: karatasi ikibandikwa ubavuni na kusuguliwa hadi mikunjo ilale, rangi zinazopitisha mwanga hupulizwa juu yake na mng'aro hubaki chini yake. Brashi ya nywele haiwezi kufanya hivyo bila ya kuacha michirizi. Mimi mwenyewe naitumia karatasi ya fedha kwa vyambo vya maji yenye uchafu kidogo baada ya mvua, na lulu juu ya weupe kwa maji safi, ambako mng'aro mkali naona humtia samaki shaka.

Katika samaki wa kuigiza, wawili wananitosha. Kibua ana mistari myembamba inayokwenda kwa urefu wa mwili sehemu ya juu, na doa jeusi karibu na ukingo wa chini wa pezi la kifuani. Watu wengi hulisahau doa hilo. Lipigwe kwa tone moja kutoka sentimita moja, likiwa na kingo laini. Chuchunge ni mwembamba, na sehemu kubwa ya ubavu wake ni fedha tupu. Aina moja ina mabaka meusi machache yaliyopangwa ubavuni, na ncha ya mdomo wake wa chini ni nyekundu au ya chungwa. Kwa chuchunge sipigi magamba kabisa.

Hapo kwenye wekundu pana mjadala. Nahodha mmoja aliyeniagizia vyambo alitaka koo na nusu ya tumbo viwe vyekundu. "Fundi, bila ya damu nguru hajui kama huyu kajeruhiwa," alisema. Nilimjibu, "Nahodha, damu hiyo huko chini haitakuwa nyekundu." Maji humeza mwanga mwekundu kabla ya rangi nyingine, na kufikia kina cha mita 10 hivi wekundu huonekana kijivu cha giza, ilhali buluu na kijani huendelea mbali zaidi. Katika Mkondo wa Pemba, ambako kina hupita mita 800 na maji ni ya buluu, tunakokota vyambo karibu na uso wa bahari, hivyo wekundu haupotei wote. Lakini nusu ya tumbo ikiwa nyekundu, chambo kikizama zaidi hugeuka kuwa na tumbo la giza, na kazi yote ya mgongo na tumbo inabatilika. Tulikubaliana wekundu ukae kwenye mashavu tu, mstari mmoja uliofifia nyuma ya jicho.

Hali ya hewa yetu ndiyo adui mkubwa wa kazi hii, na maelekezo yanayotoka nchi za baridi zenye hewa kavu hayaligusi jambo hilo. Kompresa inapogandamiza hewa yenye unyevu, maji hujitenga na kusafiri kwenye mpira, kisha hutoka kama kitone katikati ya mgongo uliokuwa unakwenda vizuri. Kichujio kimwagwe maji kila mara, mpira uwe mrefu, na kompresa ikae chini kuliko mkono. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, akriliki inayoonekana kavu kwa juu huwa bado ina maji ndani, na ikifunikwa kwa epoksi siku hiyo hiyo huweza kutoa ukungu mweupe. Kwa hiyo wakati wa masika mimi huchonga na kupiga msasa, na rangi nyingi huzipiga kipupwe, upepo wa kusi unapokuwa mkavu.

Epoksi nayo hudhurika. Ikikaukia kwenye hewa yenye unyevu mwingi, juu yake hujitokeza utando wenye mafuta unaonata. Utando huo si ishara kwamba mchanganyiko uliharibika. Huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha uso hupigwa msasa mwepesi kabla ya tabaka la pili. Asiyeuosha ataona tabaka la pili likijikunja na kuacha matundu.

Tabaka la mwisho halina mjadala kwa vyambo vya nguru na mzia, kwa kuwa meno yao huikwangua akriliki tupu kwa pigo moja. Epoksi ya sehemu mbili ipimwe kwa usahihi kama mtengenezaji alivyoelekeza, ikorogwe polepole ili isijae mapovu, ipakwe nyembamba, na chambo kizungushwe taratibu mpaka igande, la sivyo yote itateremka tumboni na kukibadilisha mwendo. Mota ndogo inayozungusha sahani ya maikrowevu ina kasi inayofaa. Umeme ukikatika, mtu azungushe kwa mkono, na ndiyo maana sipaki epoksi usiku. Wapo wanaotumia koti la juu la magari lenye kigandisho, na kweli linang'aa na haligeuki njano upesi. Lakini vigandisho vingi vya aina hiyo vina kemikali za isosayaneti, ambazo zikivutwa huweza kuleta pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Asiye na chumba cha kupulizia na kifaa cha kumletea hewa safi aachane nalo. Hata kwa akriliki ya maji nashauri barakoa ya vichujio na dirisha lililo wazi, kwa sababu ukungu wa rangi ni ukungu wa plastiki.

Macho huwekwa kabla ya epoksi ili yafunikwe nayo. Ya kununua yanapatikana, lakini kichwa cha msumari kikichovywa kwenye rangi ya njano na kugusishwa mara moja hutoa duara safi, na msumari mdogo zaidi hutoa mboni. Macho yawe makubwa kidogo kuliko ya samaki halisi.

Brashi isafishwe mara tu rangi ya mwisho inapotoka. Pitisha maji mpaka yatoke meupe, kisha dawa ya kusafishia, kisha vuta sindano kwa nyuma na kuifuta kuelekea kwenye ncha, kamwe si kinyume chake. Ncha ikipinda hata kidogo, rangi huanza kutoka kwa upande, na vipuri vyake hapa Pemba ni vya kuagiza Dar es Salaam. Chambo chenyewe kikae siku kadhaa baada ya epoksi kuonekana imekauka, ndipo matundu ya waya yasafishwe kwa kekee ndogo na ndoana zifungwe.